Bunduki ya Kupachika na Istilahi za Sehemu Zake

Katika karatasi ya ukaguzi niliyoonyeshwa Misigiri, wilayani Iramba katika mkoa wa Singida, mkaguzi ameandika kwamba aliona bunduki mbili zenye namba moja, na kwamba zote mbili zimevunjika. Karatasi hiyo haikuandikwa na mtu mzembe. Aliyeiandika alifunguliwa sanduku la ngozi, akaona vipande viwili vya bunduki vimelazwa kila kimoja mahali pake, akaona namba ileile imechongwa juu ya kila kipande, akaandika alichokiona kwa maneno aliyokuwa nayo. Macho yake hayakumdanganya. Alichokosa ni neno. Na kwa kukosekana neno hilo, kijana aliyeachiwa sanduku na baba yake amejikuta akiulizwa bunduki ya pili ameitoa wapi, na kwa nini namba zimefanana.

Makala haya yanakusudia kueleza bunduki hiyo ni ya namna gani, hukaguliwaje, na kwa Kiswahili tuiiteje. Wako watu wanaodhani kwamba istilahi ni haja ya vyuo na maabara tu, na kwamba chombo kama bunduki ya uwindaji chaweza kujisemea chenyewe. Lakini bunduki ni kitu kinachoandikwa: huandikwa katika leseni, katika daftari la polisi, katika mirathi na, Mungu apishe mbali, katika hukumu. Ilikuwa hivyo kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ilikuwa hivyo katika uhakiki wa silaha za raia wa mwaka 2016, na ndivyo ilivyo hata leo. Chuma kikisharudishwa sandukuni, kinachobaki mezani ni maneno.

Misigiri ni njia panda. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita hapo, na nyingine huchepuka kuelekea Kiomboi. Malori ya masafa hupumzika, na mafuta ya alizeti huuzwa kando ya njia. Kwa upande wa magharibi nchi huteremka kwa vilima vya Sekenke, palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, hadi Shelui na mbuga ya Wembere. Marehemu mwenye sanduku alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji kabla ya Uhuru, na mmoja wao alipoondoka nchini alimwachia bunduki hiyo kwa njia ya halali. Leseni ya kwanza ingali katika bahasha, karatasi imekuwa ya manjano. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1973, aliilaza sandukuni. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978 yeye alikuwa amekwisha kuacha porini na kushika ufugaji wa nyuki. Tangu hapo haikutolewa ila kwa kupakwa mafuta.

Sasa tueleze kwa nini bunduki ikawa vipande viwili. Bunduki ndefu ni mzigo mbaya wa safari. Mwindaji wa zamani alitoka Ulaya kwa meli, akapanda gari moshi (Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914), kisha akaendelea kwa miguu na wapagazi wake. Bunduki yenye urefu wa mita moja na zaidi haiingii katika sanduku la kawaida. Ikifungwa peke yake hugongwa, na kilengeo kikipinda, shabaha imekwenda. Bunduki ya mitutu miwili haikuwa na taabu hiyo, kwa sababu tangu asili yake hufunguka penye bawaba, mitutu ikatolewa na kulazwa kando ya kitako. Taabu ilikuwa katika bunduki ya komeo, hasa zile zilizojengwa juu ya mtambo wa Mauser wa mwaka 1898, ambao mafundi wa London na Birmingham waliununua Ujerumani wakautengenezea bunduki za wateja wao.

Katika bunduki ya kawaida ya jamii hiyo, kasiba imetiwa meno ya parafujo kwenye shina lake, ikakazwa ndani ya mtambo kiwandani, isifunguke tena ila kwa fundi mwenye jiriwa. Mafundi walibuni njia nyingine. Waliyakata meno ya parafujo kwa mafungu, mahali penye meno na mahali pasipo meno kwa zamu, katika kasiba na katika mtambo vilevile. Kasiba husukumwa ndani, meno ya moja yakipita penye nafasi za mwenzake. Kisha huzungushwa robo ya mzunguko, na meno hushikana na meno. Chini yake, ndani ya mti wa mbele, kuna kizuizi kidogo chenye kamani, nacho huruka na kuingia mahali pake ili kasiba isirudi ilikotoka. Kazi yote haichukui muda wa kuwasha kiberiti. Marekani nako Winchester ilikwisha kuuza bunduki za namna hii kabla ya karne ya 19 kwisha, ingawa kwa mtambo wa aina nyingine.

Je, Kiswahili kina uwezo wa kulisema jambo hili? Kinao, tena uzoefu wake katika bunduki ni wa siku nyingi. Neno bunduki lenyewe limetoka Kiarabu, na kasiba vilevile, ambalo kwa asili yake ni tete au mwanzi. Risasi lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kitu cha kuulia. Wazee wa pwani walitofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Na ya fataki. Korofindo ilishindiliwa mdomoni kwa mdeki, na bara twaliita gobore. Walikuwa pia na neno kiasi, yaani baruti na risasi zilizokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Neno hilo limefifia kabisa katika maana hiyo, nasi leo twasema risasi kwa kitu kizima na kwa ncha yake pia, jambo linaloleta utata ambao nitauonyesha baadaye. Na msomaji wa Singida hahitaji kuambiwa kwamba mzinga ulikuwa gogo la nyuki kabla haujawa silaha ya vita.

Tazama jinsi majina hayo yalivyopatikana. Bunduki iliitwa kwa lile ambalo mwenye kuitumia hulifanya au hulitazama: utambi, jiwe, fataki, kushindilia. Hiyo ndiyo njia niliyojaribu kuifuata.

Maneno yaliyopendekezwa barazani siku ile yalikuwa mengi. Kuvunja lilitajwa kwanza, kwa kuwa wako wanaofuata usemi wa Kiingereza wakasema bunduki huvunjwa inapofunguliwa. Lakini ndilo lililokwisha kuleta balaa katika karatasi, maana kwa Kiswahili kilichovunjika ni kibovu. Kukunja ni hatari zaidi. Ziko bunduki za kukunja kitako, na nyingi katika hizo ni silaha za kivita. Mkaguzi akiandika kukunja, mwenye bunduki ya uwindaji atatafutiwa kosa ambalo hakulitenda. Kufungua halitoshi, kwa sababu kila bunduki hufunguliwa ili isafishwe. Kutengua ni neno zuri la Kiswahili, nami nililipenda kwa muda, hata nilipokumbuka kwamba kiungo cha mwili hutenguka kwa ajali na kurudishwa kwa maumivu. Bunduki hii haitenguki. Imeumbwa kuwa hivyo.

Ndipo mjane wa marehemu, aliyekuwa akipepeta mtama karibu nasi na ambaye nilidhani hasikilizi, aliponiambia: "Mwalimu, jembe langu lile limetoka mpini tangu jana. Hebu niambie, ninayo majembe mangapi?"

"Moja, mama," nilimjibu.

"Na limevunjika?"

"Halikuvunjika. Lapachikwa tu."

"Basi waandikie hivyo."

Sikuwa na la kuongeza. Mpini hupachikwa katika jembe, mshale hupachikwa katika upinde, na kila mmoja ajua kwamba kilichopachikwa chaweza kuchomolewa bila ya kuharibika. Waingereza wameiita bunduki hii kwa jina la kuishusha na kuitenganisha, na Wajerumani nao hutaja kutenganishwa kwake. Hakuna sheria inayotulazimisha kuitazama kutoka upande huohuo. Tukiita bunduki ya kupachika tunaitaja kwa umoja wake, na kosa la kuhesabu mbili halipati mahali pa kuingilia. Baraza, tangu lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, limesisitiza kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kukopa. Hapa neno lilikuwa limelala kando ya ukuta, lina udongo wa shambani.

Iko hoja ya kupinga, nayo si dhaifu. Mtu aweza kusema kwamba singe nayo hupachikwa, na darubini ya kulengea vilevile, hata bunduki yoyote iliyopachikwa kitu ikaitwa ya kupachika. Nakubali. Kwa mazungumzo bunduki ya kupachika yatosha; kwa karatasi za kisheria napendelea jina refu zaidi, bunduki ya kasiba ya kupachika, hata kama ulimi utachoka kidogo.

Tuje kwenye ukaguzi wenyewe, ambao huanza kabla ya vipande kuunganishwa. Jambo la kwanza katika bunduki yoyote ni kuhakikisha kwamba haina kitu ndani. Lakini katika bunduki hii ziko sehemu mbili za kutazama, nazo ziko katika vipande viwili. Magazini imebaki nyuma pamoja na mtambo na kitako. Chumba cha risasi, kwa kuwa ni shina la kasiba, kimekwenda mbele. Mkaguzi mgeni huweza kuutazama mtambo akauona mtupu, asikumbuke kwamba risasi iliyosahauliwa ingeweza kuwa imekwama katika kipande kile kingine alichokiweka mezani, mdomo ukiwaelekea watu. Kwa hiyo naonelea istilahi chumba cha risasi ielezwe siku zote kuwa ni sehemu ya kasiba, wala si ya mtambo, kama wengi wasemavyo.

Kasiba ikiwa imetoka, huinuliwa kuelekea mwanga na kutazamwa kutoka nyuma. Ndani yake huonekana mistari iliyochimbwa kwa kuzunguka, ambayo humfanya risasi azunguke kama pia ili aende sawa. Neno letu la mstari uliochimbwa ni mfuo, nalo lafaa kabisa. Sehemu iliyoinuka kati ya mfuo na mfuo haikuwa na jina. Nimeiita tuta, na kila mkulima niliyemwonyesha aliafiki kabla sijamaliza sentensi. Katika bunduki ya Misigiri matuta yalikuwa bado makali isipokuwa karibu na mdomo, ambapo kutu ilikuwa imekula vidoa. Sababu yake yajulikana. Fataki za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, na baada ya kupiga huacha chumvi ndani ya kasiba. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kula chuma. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo huiondoa, kisha kasiba hukaushwa na ndipo mafuta hupakwa. Mjane alikumbuka kwamba mumewe alikuwa na birika lake la kumimina maji ya moto katika bunduki, na kwamba watoto walikatazwa kulitumia kwa chai. Waliona ni ushirikina.

Kisha vipande hupachikwa. Kiungo kizuri hukaza mwishoni mwa robo ya mzunguko, hakichezi kikitikiswa, na mwanga hauonekani kati ya kasiba na mtambo. Hapa ndipo penye udhaifu wa bunduki hizi zote: kila inapopachikwa na kuchomolewa, meno husuguana, na kwa miaka mingi hulegea. Baadhi ya mafundi waliweka njia ya kukaza upya kiungo kilicholegea. Wengine walitegemea ubora wa chuma na uangalifu wa mwenyewe.

Kulegea huko si jambo la sura tu. Risasi ikiwa chumbani, tako lake huegemea uso wa komeo na mabega ya ganda lake huegemea kuta za chumba. Nafasi hiyo ya mbele na nyuma hupimwa kwa kipimo maalumu cha chuma, maana ikizidi kwa unene wa karatasi chache tu, ganda huweza kunyooka na kupasuka, na moto wa baruti ukarudi usoni mwa mpigaji. Katika bunduki ya kasiba ya kukazwa nafasi hiyo haibadiliki kwa urahisi. Katika ya kupachika hubadilika kiungo kinapolegea. Nimeona karatasi kadhaa za ukaguzi katika maisha yangu, wala sikuona hata moja inayoitaja, kwa sababu nafasi hiyo haina jina katika lugha ambayo karatasi hizo huandikwa. Napendekeza mwanya wa komeo. Mwanya wa meno ni uzuri wa mtu. Huu hautakiwi kuzidi.

Alama nazo zina habari zake. Jina la mtengenezaji lilikuwa limesuguliwa na mikono na miaka hata lisisomeke. Lakini chini ya kasiba palikuwa na taji juu ya herufi BV, BP na NP, alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham zilizotumika tangu mwaka 1904 hadi 1954. Uingereza bunduki haiuzwi kabla haijajaribiwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kupigwa mhuri; London ina nyumba yake, na Birmingham yake tangu mwaka 1813. Mhuri huo naonelea uitwe alama ya jaribio, usiitwe nembo ya kiwanda, kwa kuwa kiwanda si kilichoutia.

Karibu na alama hizo imechongwa .318. Hapa ndipo utata wa neno risasi unapotuuma. Westley Richards ya Birmingham ndiyo iliyoanzisha risasi ya .318 mwanzoni mwa karne ya 20, na ilipendwa sana Afrika ya Mashariki. Lakini namba hiyo yakaribiana na kipimo cha kutoka tuta hadi tuta, na ncha yenyewe ya risasi ina kipenyo cha inchi.330. Wakati huohuo, bunduki nyingi za zamani za Kijerumani za milimita 8 hutumia ncha yenye kipenyo cha inchi .318 hasa. Kwa hiyo namba moja yataja vitu viwili visivyoingiliana, na nchi yetu iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza ina bunduki za jamii zote mbili. Tukisema kipenyo cha matuta na kipenyo cha mifuo, na tukitenganisha ganda, ncha na risasi nzima, utata huo utapungua. Tukiendelea kusema kipenyo cha risasi bila ya kufafanua, hatujasema neno.

Imebaki sifa moja ambayo karatasi ya kwanza haikuigusa. Bunduki hii haikununuliwa dukani ikiwa tayari. Ilitengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama suruali ya fundi cherehani. Umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ulikuwa mrefu, na kitako kimepindishwa kidogo kuelekea kulia, kwa ajili ya mtu mrefu anayelenga kwa bega la kulia. Katika kitako kuna kibati cha fedha cha umbo la yai, pa kuchongea herufi za jina. Herufi hazikuchongwa. Kijana wa nyumba, ambaye ni mfupi, alipoiweka begani kitako kilimkamata kwapani, na kila mtu akacheka, yeye mwenyewe kwanza. Istilahi niliyoiona nyepesi ni bunduki ya kipimo. Maana bunduki ya kuagiza ingeeleweka kuwa ni iliyotoka ng'ambo, na zote zimetoka ng'ambo.

Maelezo tuliyoyaandika kwa pamoja na kijana yule ni mafupi: bunduki moja ya uwindaji, ya komeo, ya kipimo, yenye kasiba ya kupachika, kipenyo cha jina.318, alama za jaribio za Birmingham, namba moja, iliyorudiwa katika kasiba na katika mtambo ili vipande visichanganywe na vya bunduki nyingine, kiungo kimekaza, mifuo ina kutu karibu na mdomo, mwanya wa komeo haujapimwa, na isipigwe kabla haujapimwa. Ameyapeleka yaambatishwe na karatasi ya kwanza, pamoja na leseni ya manjano, na shauri lingali mikononi mwa wahusika.

Sehemu moja imetushinda, nayo ni kile kizuizi chenye kamani kinachoizuia kasiba isirudi. Nimekiita kizuizi katika makala haya kwa kukosa jingine, lakini bunduki ina vizuizi vingi, na kile cha usalama ndicho kilichozoeleka zaidi kwa jina hilo. Ulimi lilipendekezwa, ila wapo wanaoliita kifyatulio hivyo. Wasomaji wetu, hasa mafundi wa bunduki na wale waliopitia jeshini, wakiwa na neno wanalolitumia kwa sehemu hiyo, watuandikie, wakitaja na mahali walipolisikia.